Mwalimu Asiye na Jukwaa

Konstantin Stanislavski alizaliwa Moscow, Urusi, mwaka 1863. Mwaka 1898, yeye na Vladimir Nemirovich-Danchenko walianzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow. Humo aliigiza, akaongoza michezo ya kuigiza na kuwafunza waigizaji kuzitafuta hisia za mhusika ndani ya nafsi zao.

Oktoba 1928, ukumbi huo ulipokuwa ukiadhimisha miaka 30, alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa jukwaani. Alijikaza hadi pazia likashuka, wala hakuigiza tena.

Jukwaa lilimtoka, lakini ualimu haukumtoka. Aliwapokea wanafunzi nyumbani kwake na mwaka 1935 akaanzisha studio ya opera na tamthilia. Mbele ya vijana hao, mzee huyo aliyasahihisha mafundisho yake mwenyewe: akasisitiza kwamba mwigizaji aanze na matendo ya mwili, nayo hisia itafuata. Kitabu chake kuhusu kazi ya mwigizaji kilitoka Marekani mwaka 1936. Toleo la Kirusi lilitoka mwaka 1938, mwaka uleule aliofariki.

Zoezi: Bainisha vitenzi vyenye kiambishi -ka-, kisha ueleze dhima yake katika masimulizi haya.