Arthur Loveridge na kinyonga wa Ukinga

Huku Bulongwa, na Makete kwa jumla, wengi wetu tukikutana na kinyonga tunampisha, na watoto humrushia mawe. Lakini yuko kinyonga mmoja anayejulikana na wataalamu wa dunia nzima kwa jina la milima yetu: kinyonga wa Ukinga asiye na pembe. Aliyemwandika kwanza katika vitabu vya sayansi ni Arthur Loveridge.

Loveridge alizaliwa mwaka 1891 huko Penarth, Wales. Tangu utotoni alipenda kukusanya wadudu na wanyama. Mwaka 1914 alikuja Nairobi kufanya kazi ya makumbusho, lakini mwaka huohuo vita vikuu vya kwanza vikaanza. Alijiunga na jeshi la Waingereza akaingia nayo katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, ambayo leo ni Tanzania bara. Hata vitani aliendelea kuokota nyoka, mijusi na vyura. Baada ya vita alibaki Tanganyika akiwa ofisa msaidizi wa wanyamapori.

Mwaka 1924 alihamia Marekani, kwenye makumbusho ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Harvard. Kutoka huko alirudi Afrika Mashariki mara kadhaa. Safari ya mwaka 1929 hadi 1930 ilimfikisha nyanda za juu kusini, ikiwemo Madehani katika milima ya Ukinga. Huko alipata kinyonga ambaye hata dume lake halina pembe, tofauti na ndugu zake wengi wa milimani. Mwaka 1932 alimtangaza kwa jina la kitaalamu ambalo leo huandikwa Trioceros incornutus. Neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake asiye na pembe.

Loveridge alistaafu mwaka 1957, akahamia kisiwa cha Saint Helena katika bahari ya Atlantiki. Alifariki huko mwaka 1980.

Yeye alichukua wanyama ili wahifadhiwe makumbusho na wasomwe. Siku hizi wapo watu Ulaya na Marekani wanaotaka vinyonga hai, na hata buibui wakubwa wenye manyoya kutoka Tanzania, wafugwe ndani ya masanduku ya vioo.

Kumfuga kinyonga wa milimani si kazi rahisi. Amezoea baridi na ukungu, kwa hiyo joto la nyumba linaweza kumuua. Kwa kawaida hanywi maji ya bakuli; hulamba matone yaliyo juu ya majani. Anataka wadudu walio hai, na hapendi kukaa na mwenzake, kwani wakiwekwa pamoja hupigana au hukataa kula. Wengi hufa njiani kabla hata ya kumfikia mnunuzi. Na kinyonga wa Ukinga anaishi katika misitu michache tu ya nyanda za juu kusini, hivyo akikamatwa mno, au msitu ukikatwa, hana pa kukimbilia.

Ndiyo maana sheria ipo. Biashara ya vinyonga kati ya nchi na nchi inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayekamata mnyamapori, na mwaka 2016 Serikali ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Basi, msikilizaji, akija mgeni akiwaahidi watoto fedha wamletee vinyonga, muulize kibali chake, na umtaarifu mwenyekiti wa kijiji au ofisa wanyamapori wa wilaya. Anayekamatwa na mzigo mara nyingi ni mwenyeji, wakati mnunuzi yuko mbali.

Na ukimkuta kinyonga shambani, mwache apite. Hana sumu, na chakula chake ni wadudu.