Rais aliyesinzia vikaoni

Katika nyumba nyingi, iwe Lusewa mkoani Ruvuma au Dar es Salaam, mtu mnene anayekoroma usiku na kusinzia mchana huchekwa, au huitwa mvivu. Wiki hii tuangalie maisha ya mtu aliyesinzia akiwa Ikulu: William Howard Taft, Rais wa 27 wa Marekani.

Taft alizaliwa Septemba 15, 1857 mjini Cincinnati, jimbo la Ohio. Alisoma Chuo Kikuu cha Yale, akawa jaji, gavana wa Ufilipino, kisha waziri wa vita. Huyo si mvivu. Lakini mwili ulizidi kuongezeka. Mwaka 1905 alimwandikia daktari wa London, Nathaniel Yorke-Davies, akapangiwa mlo na kupungua zaidi ya kilo 20. Baadaye uzito ukarudi.

Machi 1909 alipokea urais kutoka kwa Theodore Roosevelt, ambaye mwezi uliofuata alishuka Mombasa kuja kuwinda Afrika Mashariki. Taft alikuwa na zaidi ya kilo 150. Alisinzia vikaoni, msibani, hata mbele ya wageni. Msaidizi wake, Archie Butt, alikuwa akikohoa makusudi ili kumwamsha. Shinikizo la damu nalo lilikuwa juu.

Wakati huo hapakuwa na jina la tatizo hilo. Kukatika kwa pumzi usingizini kulielezwa kitaalamu mwaka 1965, na mwaka 2003 daktari Mmarekani, John Sotos, aliandika kuwa dalili za Taft zinalingana nao.

Tukilala, misuli ya ulimi, kaakaa na koo hulegea. Kwa mtu mnene, mafuta hujaa shingoni na hata ndani ya ulimi, njia ya hewa ikabanwa. Pumzi hukatika, ubongo humshtua mlalaji, anavuta hewa kwa kishindo, kisha hali hujirudia usiku kucha. Asubuhi anaamka amechoka kama hakulala.

Taft aliondoka madarakani Machi 1913. Katika muda wa takriban mwaka mmoja alipunguza zaidi ya kilo 30, na usingizi wa mchana ukamwachia. Mwaka 1921 akawa Jaji Mkuu, mtu pekee aliyewahi kushika nyadhifa zote mbili nchini humo. Maradhi ya moyo yalimfanya ajiuzulu Februari 1930, akafariki Machi 8 mwaka huo, akiwa na miaka 72.

Ndugu msomaji, ukiambiwa unakoroma na pumzi inakatika, au unasinzia ukiendesha gari au pikipiki, nenda hospitali. Kupunguza uzito husaidia sana. Mazoezi ya ulimi, midomo na mashavu, ukifundishwa na mtaalamu, huweza kuongeza nafuu, ila si badala ya tiba. Epuka pombe kabla ya kulala, maana huilegeza zaidi misuli ya koo.

Wazazi, tatizo hili huwapata watoto pia, hata wembamba, hasa wenye mafindofindo makubwa au nyama za puani. Mtoto anayelala mdomo wazi, anayekoroma kila usiku na kusinzia darasani asichapwe kwa uvivu. Mpelekeni kwa daktari.