Mbaraka Mwinshehe Mwaruka: Kutoka Santuri Ndogo hadi Jalada la Ukumbusho

Msanii hufa, kazi yake ikabaki. Hata hivyo, namna kazi hiyo inavyobaki huwategemea pia wale walioifungasha na kuiuza. Jambo hili linadhihirika katika maisha ya Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mwanamuziki wa Tanzania ambaye nyimbo zake za Kiswahili zilivuka mipaka ya nchi na ya lugha za nyumbani, hata zikafika Kisii na Nyamira, kwa wasemaji wa Ekegusii. Huko, kama kwingineko nchini Kenya, sauti yake ilitangulia sura yake.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944, na jina lake kimuziki lilijengeka mjini Morogoro. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz Band, akawa mpiga gitaa la solo, mtunzi na mwimbaji wake mashuhuri. Mwaka 1970 bendi hiyo ilitumbuiza katika maonyesho ya dunia mjini Osaka, Japani. Mwaka 1973 aliihama, akaunda Orchestra Super Volcano.

Katika miaka hiyo, Radio Tanzania ilizirekodi bendi kwa ajili ya matangazo, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Kwa sababu hiyo, nyimbo za Mbaraka zilitolewa Nairobi kwa chapa ya Polydor, nyingi katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Aghalabu wimbo mmoja uligawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa pili. Santuri hizo ziliuzwa kwa kawaida ndani ya bahasha ya karatasi yenye nembo ya kampuni na tundu katikati, na bahasha hiyohiyo ilimfaa msanii yeyote. Kupitia tundu hilo, mnunuzi alisoma jina la wimbo, la msanii na la bendi, basi. Jina la wimbo, kwa hiyo, lilibeba mzigo ambao baadaye ulibebwa na picha. Mathalani, "Shida", mojawapo ya nyimbo zake zilizouzwa sana nchini Kenya, ni neno moja ambalo msemaji yeyote wa Kiswahili, awe Morogoro au Nyamira, hahitaji kufasiriwa.

Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari mjini Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Wakati huo mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu 1977, nao haukufunguliwa hadi 1983.

Baada ya kifo chake, nyimbo zilizokuwa zimetawanyika katika santuri ndogo zilikusanywa na kutolewa upya nchini Kenya katika santuri kubwa zilizopewa jina la "Ukumbusho" na namba ya juzuu. Santuri kubwa ilikuwa na jalada pana, hivyo marehemu akapata nafasi ambayo bahasha yenye tundu haikumpa. Neno lililochaguliwa nalo halikuwa la bahati nasibu. Ukumbusho ni neno la matanga na la heshima. Likiwekwa juu ya bidhaa, humfanya mnunuzi ajione anamuenzi marehemu, si kununua tu. Namba ya juzuu, kwa upande wake, humwambia kwamba heshima hiyo haijakamilika mpaka apate juzuu inayofuata.

Biashara hiyo iliokoa mengi. Bila juzuu hizo, nyimbo nyingi zingepotea pamoja na santuri zilizochakaa. Lakini pia ilibadilisha mengi. Nyimbo za miaka tofauti ziliwekwa pamoja chini ya kichwa kimoja cha maombolezo, ingawa mtunzi alizitunga akiwa hai, kwa ajili ya ukumbi wa dansi. Mhakiki anayeanzia kwenye jalada anaweza kusikia wosia mahali ambapo palikuwa na utani.

Onyo hilo lina uzito pia Gusii kwenyewe. Christopher Monyoncho, aliyefariki mwaka 2013, naye aliacha nyimbo katika santuri ndogo. Atakayezikusanya atazipa jalada na jina, na kwa kufanya hivyo atakuwa tayari ameanza kuzifasiri.