Mtakatifu Bakhita: Siku Aliyokataa Kuondoka

Kila tarehe 8 Februari, Kanisa linapomkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita, wengi wetu huanza na mateso ya utoto wake. Alitekwa huko Darfur, nchini Sudan, akauzwa mara kadhaa, akachanjwa mwili kwa wembe na vidonda vikasuguliwa chumvi. Hofu ilimsahaulisha hata jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni jina la watekaji, lenye shina moja na neno letu bahati, nasi twalitamka tukiuona ukatili wa mzaha ule. Hata hivyo, ushujaa wake mkubwa tunauona baadaye, mahali pasipokuwa na mjeledi.

Mwaka 1885 konsuli wa Italia aliyekuwa amemnunua Khartoum alifika naye Italia, akamtoa kwa familia ya Michieli. Huko akawa yaya wa binti yao, Mimmina. Hakupigwa tena. Bibi Michieli alipokwenda Suakin, pwani ya Bahari ya Shamu, ambako mumewe alikuwa na hoteli, aliwaacha yaya na mtoto kwa Watawa Wakanosa mjini Venezia. Hapo Bakhita alifundishwa habari za yule Muumba ambaye tangu utotoni alimhisi kila alipotazama jua, mwezi na nyota, asijue ni nani.

Bibi aliporudi kuwachukua, Bakhita alikataa kuondoka.

Tuupime uzito wa neno hilo. Anayemkatalia mkatili husaidiwa na uchungu wake. Kumkatalia aliyekutunza ni mtihani mwingine. Bibi alimsihi, kisha akamlaumu kwa kukosa shukrani. Mbele yake alikuwapo pia Mimmina, mtoto aliyemlea na kumpenda. Bakhita hakuwa na ndugu wala mali katika nchi ile ya ugeni. Hakujua maisha yake yangekuwaje. Alijua tu kwamba hajabatizwa bado, na kwamba akipanda meli huenda asiupate Ubatizo kamwe.

Shauri lilifika kwa Patriarki wa Venezia na kwa mwendesha mashtaka wa mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa. Bakhita yu huru kuchagua. Akachagua kubaki. Bibi akaenda zake na mtoto.

Tarehe 9 Januari 1890 Bakhita alipokea Ubatizo, Kipaimara na Komunyo ya kwanza. Mwaka 1896 aliweka nadhiri kwa Wakanosa, na kwa miaka mingi akiwa Schio alipika, alitarizi, alitunza sakristia na kuwafungulia mlango wageni, hadi alipofariki mwaka 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Yasimuliwa kwamba alikuwa na desturi ya kukibusu kisima cha Ubatizo, kwa kuwa hapo ndipo alipofanywa mtoto wa Mungu.