Mpelelezi wa Sinema na Haki ya Mnyonge

Kila inapotoka filamu mpya ya Sherlock Holmes, mpelelezi mashuhuri wa hadithi za Kiingereza, watazamaji hugawika mapote mawili. Mwaka 2009 ilipotolewa ile iliyoongozwa na Guy Ritchie, ambamo mwigizaji Robert Downey Jr. alionekana akipigana ngumi kifua wazi, wapo walioshangilia, na wapo waliolalamika kwamba wamenyang'anywa mpelelezi wao. Waliuliza i wapi kofia yake yenye masikio, na i wapi haiba ya bwana yule mtulivu akaaye kitini akitafakari. Laiti wangalirejea vitabuni, wangaliona kwamba kofia ile ni kazi ya mchoraji, Sidney Paget, na kwamba ngumi walizozichukia zimo katika kitabu cha kwanza kabisa, ambamo Holmes anatajwa kuwa bondia hodari.

Mabishano ya namna hiyo hayana madhara, na ni dalili kwamba watu wanakipenda wanachokitazama. Lakini katika kelele hizo husahauliwa mtunzi mwenyewe, Arthur Conan Doyle. Mtu huyu alishughulika na kesi za aina mbili katika uhai wake: kesi za kubuni, ambazo humalizika kabla taa za sinema hazijawashwa, na kesi za watu walio hai, ambazo zilimchukua miaka mingi na hazikumalizika zote kwa furaha. Hizo za pili ndizo zinazotufanya tumkumbuke katika safu hii, kwani zina mafunzo kwa kila raia, na zaidi kwa kila mtumishi wa umma aliyekabidhiwa muhuri na faili.

Conan Doyle alizaliwa tarehe 22 Mei, 1859, mjini Edinburgh, Uskoti, katika ukoo wenye asili ya Ireland. Baba yake alikuwa karani wa serikali ambaye ulevi ulimpotezea kazi, na hatimaye akawekwa katika hospitali za wagonjwa wa akili. Mzigo wa nyumba ukabebwa na mama. Kijana alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na huko alifundishwa na Dokta Joseph Bell, ambaye alikuwa akimtazama mgonjwa mikono, viatu na mwendo, kisha akaeleza kazi yake na atokako kabla mgonjwa hajafumbua kinywa. Kutokana na mwalimu huyo ndipo Sherlock Holmes alipozaliwa.

Daktari kijana alifungua zahanati Southsea, karibu na Portsmouth, mwaka 1882. Wagonjwa walikuwa haba, na saa za kungoja akazitumia kuandika. Kitabu cha kwanza cha Holmes kilitoka mwaka 1887, naye akakiuza pamoja na haki zake zote kwa pauni 25 tu. Tangu mwaka 1891 hadithi fupi zilipoanza kutoka katika jarida la Strand, jina lake lilienea kila pembe. Kufikia mwaka 1893 alikuwa amechoka na mpelelezi wake, kwa kuwa alitamani kujulikana kwa riwaya zake za taarikh, basi akamwua Holmes katika maporomoko ya maji ya Reichenbach huko Uswisi. Inasimuliwa kwamba wasomaji zaidi ya 20,000 walikatisha kununua jarida lile, na wengine wakamwandikia barua za matusi. Ilipofika mwaka 1903 hakuwa na budi kumfufua.

Hapo ndipo mtunzi alipotambua kwamba kiumbe wake amekwisha kuwa mali ya hadhira. Hata yeye mwenyewe aligeuka mtazamaji. Baina ya mwaka 1921 na 1923 kampuni ya Stoll ya Uingereza ilitengeneza filamu 47 za Holmes, mwigizaji wake akiwa Eille Norwood. Conan Doyle alimsifu sana mwigizaji huyo, ila alisikitika kuona ndani ya filamu hizo simu na mambo mengine ya anasa ambayo Holmes wa zama za Malkia Victoria hakuyajua. Basi watazamaji wa leo wanaonung'unika wana mwenzao wa tangu zamani.

Lakini umaarufu ule ulimletea pia barua za watu waliodhulumiwa, ambao walidhani kwamba aliyemwumba Holmes ataweza kufanya kazi ya Holmes. Mmoja wao alikuwa George Edalji, wakili kijana. Baba yake alikuwa Mparsi kutoka Bombay aliyepata kuwa kasisi wa kijiji cha Great Wyrley katika jimbo la Staffordshire, na mama yake alikuwa Mwingereza. Mwaka 1903 farasi na mifugo mingine ya kijiji hicho ilikuwa ikikatwakatwa matumbo usiku na mtu asiyejulikana, huku barua zisizo na jina zikitapakaa. Polisi wakamkamata Edalji, naye akahukumiwa kifungo cha miaka saba pamoja na kazi ngumu. Baada ya miaka mitatu alifunguliwa bila ya kuelezwa sababu, bila ya msamaha, na bila ya ruhusa ya kurudi katika kazi yake ya uwakili.

Walipokutana kwa mara ya kwanza hotelini mjini London, Conan Doyle alimwona kwa mbali akisoma gazeti, amelisogeza karibu kabisa na uso wake na kuliinamisha upande. Yeye alikuwa amesomea pia maradhi ya macho, na palepale akajiuliza vipi mtu asiyeona vyema hatua chache mbele yake angaliweza kuvuka mashamba na reli usiku wa giza na mvua, akamchoma farasi, kisha akarudi kitandani bila ya kuonekana. Alikwenda kijijini, akapima njia, akakagua ushahidi, na Januari 1907 akachapisha matokeo yake katika gazeti la Daily Telegraph. Hakuficha imani yake kwamba rangi na asili ya familia ile ndivyo vilivyowafanya majirani na polisi wawatilie shaka.

Serikali iliunda kamati ya watu watatu. Mmoja wao alikuwa na udugu na mkuu wa polisi wa jimbo lile. Kamati ikakiri kwamba Edalji hakustahili kutiwa hatiani kwa kudhuru mifugo, lakini ikadai kwamba baadhi ya barua ziliandikwa na yeye mwenyewe, na hivyo amejiponza. Akapewa msamaha bila ya fidia hata senti moja. Kwa maneno mengine, afisi ilirudi nyuma nusu hatua ili isionekane kwamba imekosea hatua nzima. Hata hivyo haikuwa kazi bure. Edalji alirejeshewa uwakili wake, na mwaka huohuo wa 1907, kwa sababu ya kesi yake na nyinginezo kama ya Adolf Beck, Uingereza ilianzisha mahakama ya rufaa za jinai ambayo haikuwapo kabla yake.

Kesi ya Oscar Slater ilikuwa nzito zaidi. Huyu alikuwa Myahudi kutoka Ujerumani, aliyeishi kwa kamari na biashara zisizoeleweka. Desemba 1908 bibi mzee aitwaye Marion Gilchrist aliuawa nyumbani kwake mjini Glasgow, na bizimu yake ya almasi ikapotea. Polisi walimshuku Slater kwa kuwa aliweka rehani bizimu ya namna ile. Baadaye ilidhihirika kwamba bizimu hiyo ilikuwa yake na iliwekwa rehani kabla bibi hajauawa, lakini kesi ikaendelea kama kwamba halijatokea jambo. Mwaka 1909 alihukumiwa kunyongwa. Zikiwa zimebaki siku mbili, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akapelekwa gereza la Peterhead kuvunja mawe.

Conan Doyle aliandika kitabu juu ya dhuluma hiyo mwaka 1912. Mwaka 1914 mpelelezi wa polisi, John Trench, alijitokeza na kueleza kwamba kulikuwa na ushahidi uliofichwa. Aliyefukuzwa kazi ni yeye, naye akafariki mwaka 1919 kabla ya ukweli kukubaliwa. Slater alitoka gerezani mwaka 1927, na mwaka 1928 hukumu yake ikabatilishwa, akalipwa pauni 6,000. Alikuwa amekaa kifungoni zaidi ya miaka 18. Tena mtetezi na mtetewa waligombana mwishoni, kwa sababu Slater alikataa kurudisha gharama zilizotumika katika rufaa. Conan Doyle hakuwahi kumpenda mtu huyo wala mwenendo wake. Alimpigania kwa kuwa hakuua, na hilo lilimtosha. Wahenga wetu walikwisha kusema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ndugu msomaji asidhani kwamba tunamtukuza mtu huyu kupita kiasi. Mwaka 1909 aliandika kitabu kikali kuufichua ukatili wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika Kongo, ambako ndugu zetu wa Kiafrika walikatwa mikono kwa ajili ya mpira, na kazi hiyo tunaikumbuka kwa shukrani. Lakini mtu huyohuyo mwaka 1902 alikuwa ameitetea serikali yake kwa vita vya Afrika Kusini, hata kuhusu kambi ambamo wanawake na watoto wa Makaburu, na Waafrika pia, walikufa kwa maelfu. Mwaka huohuo alipewa cheo cha Sir. Dhuluma ya Mbelgiji aliiona waziwazi, ila ya ubeberu wa kwao aliitafutia udhuru. Nyani haoni kundule. Na katika uzee wake, mtunzi wa mpelelezi asiyedanganyika alidanganywa na wasichana wawili wa kijiji cha Cottingley kwa picha za viumbe wa ajabu, ambao mwaka 1983 wahusika walikiri kwamba walikuwa makaratasi yaliyokatwa kwa mkasi.

Sisi wa visiwani tuna sehemu yetu katika urithi wake. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alitupatia Bwana Msa na kiko chake katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Bwana Msa ni jamaa ya Holmes, lakini anazungumza lugha yetu na anapita katika vichochoro vyetu. Pale ambapo wengine wanaona kazi ya mzimu, yeye anatafuta mkono wa binadamu.

Conan Doyle alifariki tarehe 7 Julai, 1930, nyumbani kwake Crowborough, akiwa na umri wa miaka 71. Filamu za mpelelezi wake hazikukoma, wala hazitarajiwi kukoma, na watazamaji wataendelea kubishana juu ya kofia na ngumi. Wana haki ya kufanya hivyo. Ila yafaa wakumbuke kwamba katika kesi ya Edalji na ya Slater kilichokosekana hakikuwa akili ya ajabu. Macho mabovu ya Edalji yalikuwa wazi kwa yeyote aliyemtazama, na tarehe ya rehani ya Slater ilikuwa imeandikwa daftarini. Kilichokosekana ni mtumishi wa serikali mwenye ujasiri wa kusema kwamba afisi yake imekosea. Alipopatikana mmoja, John Trench, alifukuzwa.

Hapa kwetu pia faili hufunguliwa kila asubuhi, na ndani ya faili mna jina la mtu: mkulima wa karafuu anayedai kipande chake cha ardhi, mjane anayefuatilia kiinua mgongo cha marehemu mumewe, kijana aliyetajwa kwa wizi asioufanya. Wengi wao hawana mtunzi mashuhuri wa kuwaandikia magazetini. Wanaye ofisa aliyekaa upande wa pili wa meza, na ikiwa ofisa huyo ataisoma tarehe iliyomo daftarini kabla ya kugonga muhuri, hawatamhitaji mwingine.