James Lind, mganga wa meli aliyewagawa wagonjwa 12 ili kujua dawa inayoponyesha kweli

Tarehe 20 Mei ya kila mwaka, hospitali na vyuo vya utafiti katika nchi nyingi huadhimisha siku ya kimataifa ya majaribio ya dawa. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ni siku ambayo, mwaka wa 1747, mganga wa jeshi la majini la Uingereza aitwaye James Lind alichukua mabaharia 12 wagonjwa ndani ya meli Salisbury, akawagawa wawili wawili, na kuanza kupima ni dawa ipi kati ya sita inayoponyesha. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Hapa kwetu Kivu na Ituri neno jaribio linatisha. Mgonjwa akielezwa hospitalini kwamba kuna dawa inayopimwa, na kwamba anaweza kuipokea akitaka, wazo la kwanza linalowajia wengi ni kwamba wanatafutwa wawe panya wa wazungu. Woga huo una sababu zake na si wa kuchekwa. Lakini ukifuata maisha ya Lind unaona jaribio la dawa ni kitu gani, limetoka wapi, na lilikosa nini siku zile za mwanzo.

Lind alizaliwa Edinburgh, huko Scotland, tarehe 4 Oktoba 1716. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Hakuanza kazi kwa kupitia chuo kikuu. Mwaka wa 1731, akiwa bado kijana mdogo, aliwekwa kwa mpasuaji mmoja wa mji huo, George Langlands, ili ajifunze kwa kutazama na kusaidia, sawa na vile fundi wa kushona nguo anavyompokea mwanafunzi kando ya mashine yake. Mwaka wa 1739 aliingia katika jeshi la majini akiwa msaidizi wa mpasuaji. Alisafiri katika bahari ya Mediterania, pwani ya Guinea huku Afrika ya Magharibi, na visiwa vya Karibi.

Katika meli za wakati ule adui mkubwa hakuwa mzinga wa Mfaransa wala wa Mhispania. Alikuwa kiseyeye, ugonjwa ambao waganga wetu waliosoma kwa Kifaransa wanauita skorbuti. Fizi zinavimba na kutoa damu, meno yanalegea, miguu inajaa madoa meusi, kidonda kilichopona miaka iliyopita kinafunguka tena. Mwisho mtu anakosa nguvu hata ya kusimama, na anakufa. Leo tunajua kwamba unatokana na ukosefu wa vitamini C, inayopatikana katika matunda na mboga mbichi. Baharia wa zamani zile alikaa miezi akila nyama ya chumvi na biskuti ngumu kama ubao. Amiri George Anson alipoizunguka dunia kati ya 1740 na 1744, alipoteza watu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa ugonjwa huo.

Dawa hazikukosekana. Zilikuwa nyingi kupita kiasi. Mganga mmoja alisifu siki, mwingine asidi iliyotiwa maji, mwingine pombe ya matofaa, mwingine maji ya bahari yenyewe. Kulikuwa pia na waliosema ndimu na machungwa, na habari hiyo ilikuwa imejulikana kwa mabaharia zaidi ya miaka 100 kabla ya Lind. Shida ni kwamba kila mmoja alikuwa na mgonjwa wake aliyepona wa kuonyesha. Ni jambo tunalolijua vizuri. Mtu ana homa, anakunywa majani fulani, siku ya tatu anaamka mzima, na mtaa wote unayatafuta majani hayo. Hakuna anayeuliza kama homa ile ingeondoka yenyewe. Na yule aliyeyanywa akafa hayupo tena wa kutoa ushuhuda.

Lind alitaka kutoka katika mabishano hayo. Alichagua mabaharia 12 ambao ugonjwa wao ulifanana kadiri alivyoweza kuona. Wote aliwalaza mahali pamoja, sehemu ya mbele ya meli. Wote walikula chakula kimoja: uji wenye sukari asubuhi, mchuzi wa kondoo mchana siku nyingine, jioni shayiri au mchele na zabibu kavu. Kitu kimoja tu kilitofautiana, yaani dawa. Wawili wa kwanza walipewa pombe ya matofaa, karibu lita moja kwa siku. Wawili, matone 25 ya asidi mara tatu kwa siku. Wawili, vijiko viwili vya siki mara tatu. Wawili walikunywa maji ya bahari. Wawili walipewa mchanganyiko mkali wenye kitunguu saumu, haradali na manemane. Na wawili wa mwisho, machungwa mawili na ndimu moja kila siku.

Matunda yaliisha baada ya siku sita. Hata hivyo zilitosha. Mmoja wa wale wawili wa machungwa alikuwa karibu kurudi kazini, na mwenzake alipata nafuu kiasi cha kupewa kazi ya kuwauguza wengine kumi. Waliokunywa pombe ya matofaa walionyesha nafuu kidogo. Wengine hawakusogea mbele.

Kila jaribio la dawa hadi leo limejengwa juu ya wazo hilo dogo. Huwezi kujua thamani ya dawa kwa kumtazama aliyeinywa peke yake. Lazima umweke kando yake mgonjwa anayefanana naye, anayetunzwa sawa naye, asiyepata dawa ile, kisha uwatazame wote wawili kwa jicho moja.

Lakini kuna kitu ambacho Lind mwenyewe alikiandika wazi, na wanaomsifu mara nyingi wanakiruka. Wagonjwa wawili waliokuwa na hali mbaya kuliko wote, wenye mishipa iliyokakamaa nyuma ya goti, aliwapa maji ya bahari. Basi maji ya bahari yaliposhindwa, je, yalishindwa kwa sababu hayana faida, au kwa sababu waliopewa walikuwa wamekwisha zidiwa? Mganga anayechagua kwa mkono wake nani apate nini anaweza kupindua matokeo bila kukusudia. Ndiyo maana sasa mgonjwa hupangwa kwa kura. Kule Uingereza, mwanahesabu Austin Bradford Hill alitumia kura ya namna hiyo katika jaribio la streptomaisini kwa wagonjwa 107 wa kifua kikuu, lililotangazwa mwaka wa 1948. Mgonjwa wa kwetu akisikia kwamba dawa yake itachaguliwa kwa kura, mara nyingi anaona amedharauliwa. Ukweli ni kwamba kura inamlinda, kwani hakuna mkubwa wala ndugu wa mganga atakayewekwa upande mzuri kwa siri.

Kosa la pili ni zito zaidi. Katika maelezo ya Lind hakuna neno hata moja juu ya kuwaomba ruhusa wale 12. Walikuwa mabaharia wa jeshi, na katika meli amri ni amri. Kanuni ya kwamba mtu hawezi kutiwa katika jaribio bila kuelezwa na kukubali iliandikwa huko Nuremberg, Ujerumani, mwaka wa 1947, miaka 200 kamili baada ya safari ile ya Salisbury, baada ya waganga wa Hitler kuhukumiwa kwa unyama waliowafanyia wafungwa. Mwaka wa 1964 chama cha waganga wa dunia kilitoa kanuni zake za Helsinki. Kwa hiyo leo mgonjwa ana haki ya kuelezwa katika lugha anayoisikia, kujua faida na hatari, kukataa, na hata kujitoa katikati bila kunyimwa matunzo ya kawaida. Karatasi anayotia saini haimfungi. Inamfunga mganga.

Wakaaji wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliyaona hayo kwa macho. Kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, wakati wa Ebola, dawa nne zilipimwa katika vituo vya matibabu vya huko, katika jaribio lililopewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 waliingia, wakapangwa kwa kura. Hakuna aliyeachwa bila dawa. Kila mmoja alipata mojawapo ya zile nne pamoja na maji ya mishipani na matunzo mengine. Ni wakati mgumu kweli, uvumi ulikuwa mwingi, na Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kamati ya kufuatilia usalama ilipoona kwamba dawa mbili zinaokoa watu kuliko nyingine, jaribio lilisimamishwa mapema, na wagonjwa waliofuata wakapewa hizo mbili tu. Kati ya waliopewa dawa ya kulinganishia walikufa karibu nusu. Kati ya waliopewa zile mbili, karibu theluthi moja. Moja ya hizo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka wa 1995. Si ya wazungu peke yao, basi.

Turudi kwa Lind. Mtu angefikiri kwamba alishuka kutoka melini akatangaza ushindi. Sivyo. Aliacha jeshi mwaka wa 1748, akapata shahada ya udaktari Edinburgh, akafungua kazi yake huko. Kitabu chake juu ya kiseyeye kilitoka mwaka wa 1753 tu, chenye kurasa zaidi ya 400, na habari ya lile jaribio imechukua kurasa chache katikati. Yeye mwenyewe hakuamini kwamba chanzo ni kukosa chakula fulani. Aliona hewa yenye unyevu, baridi na tumbo lisilosaga vizuri vina lawama kubwa. Macho yake yalikuwa yameona kitu ambacho kichwa chake hakikuwa na mahali pa kukiweka.

Baya zaidi, ili matunda yasioze safarini, alipendekeza maji ya machungwa na ndimu yachemshwe polepole hadi yawe mazito, yatiwe katika chupa. Moto na kukaa siku nyingi viliua nguvu ile ile iliyokuwa ikiponyesha. Chupa hizo hakuzipima kama alivyopima matunda. Mabaharia waliozitumia hawakupona, na watu wakaanza kusema kwamba ndimu hazifai kitu.

Mwaka wa 1758 aliwekwa kuwa mganga mkuu wa hospitali mpya ya jeshi la majini huko Haslar, karibu na Portsmouth, na huko alikaa miaka 25, akihudumia kiseyeye kwa mamia. Alifanya mengine mazuri: alidai mabaharia wapya waoge na kupewa nguo safi kabla ya kupanda meli, ili kuzuia homa ya chawa, na alionyesha namna ya kupata maji ya kunywa kwa kuchemsha maji ya bahari na kukusanya mvuke wake. Mwaka wa 1768 alitoa kitabu juu ya magonjwa ya Wazungu katika nchi za joto. Alipostaafu mwaka wa 1783, mtoto wake John alishika nafasi yake.

James Lind alikufa tarehe 13 Julai 1794 huko Gosport, na kaburi lake liko Portchester. Mwaka uliofuata, 1795, baada ya mganga mwingine kutoka Scotland, Gilbert Blane, kuwasukuma wakubwa, jeshi la majini liliamua kuwapa mabaharia maji ya ndimu. Tangu kitabu kilipotoka ilikuwa imepita miaka 42. Vitamini C yenyewe ilitambuliwa katika miaka ya 1930. Wale mabaharia 12 wa Salisbury, Lind hakuandika jina la hata mmoja wao kitabuni.