Joginder Singh: Fundi aliyeshinda Safari kwa gari la mtumba

MBARARA, Uganda – Mfanyabiashara anayetafuta gari kuukuu mjini Mbarara ili abebe mahindi na maharage kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale ana la kujifunza kwa Joginder Singh, bingwa wa mbio za magari aliyefariki London mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 81.

Joginder alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932. Kabla ya kuwa dereva wa mbio alikuwa fundi, na kazi aliianza katika gereji ya baba yake.

Mbio za Safari zilianzishwa mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder aliziingia na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Kampuni iliikimbiza katika Safari ya mwaka uliotangulia, kisha ikaiuza. Joginder akainunua, akaiandaa upya, na akiwa na ndugu yake Jaswant akayashinda magari mapya ya viwandani.

Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, mara zote mbili kwa Mitsubishi Lancer. Kati ya Safari 22 alizoshiriki, alimaliza 19.

Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo inayomhusu mwenye mtaji mdogo. Anayeanza kufufua gari la zamani atangulize breki, usukani na springi, rangi isubiri. Rangi haifikishi mzigo sokoni.